Karatasi ya Watu Wanane

Kila asubuhi baba yangu huacha pesa ya ration juu ya meza, chini ya glasi iliyopinduliwa, kisha huchukua fimbo yake na kwenda misa ya saa kumi na mbili. Ration ni pesa ya chakula cha siku moja. Katika nyumba yetu imekuwa ikipungua tangu nilipoanza kupika mimi.

Mama alipokuwa hai, glasi ilifunika franga elfu kumi na tano, na bado zilikuwapo siku za kula bugali kwa pilipili na chumvi. Mama alinunua kwa moyo. Akiona samaki mzuri pale soko la Nyawera, anamnunua, na kesho itajua yenyewe. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mimi nilikuwa namaliza masomo ya lishe, na jiko likaja mikononi mwangu kama mtoto wa mtu anayekuomba umshikie kidogo, halafu harudi. Nilipanga. Maharagwe na soya, sombe ya majani ya muhogo na unga wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, mboga za lengalenga za kununuliwa mawingu yanapokusanyika, saa ambayo wauzaji wanaogopa mvua kuliko hasara. Baada ya miezi michache baba aliona kwamba pesa inabaki, akaacha elfu kumi na mbili. Nikapanga upya. Akaacha elfu kumi. Sasa anaacha elfu nane, na nyumbani tuko tisa, na hakuna anayelala na njaa. Majirani wanasema watoto wetu wana mashavu.

Baba si mtu mbaya. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minne, na tangu benki za mji zifungwe, pensheni yake inafika siku inayotaka yenyewe. Anachotoa ndicho alicho nacho. Lakini niliona jambo ambalo hatukufundishwa chuoni: kadiri nilivyoijua kazi yangu, ndivyo mlango wa nyumba ile ulivyozidi kuwa mwembamba.

"Noëlla akiolewa, siye tutakula mawe," tante Adélaïde hupenda kusema, na wote hucheka, nami hucheka pia nikiangalia chini. Tante ni dada mkubwa wa baba, mjane, tunalala chumba kimoja. Wengine ni kaka yangu Guy, anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine. Mdogo wangu Fabiola, anayemaliza sekondari. Josué, kitinda mimba. Na watoto watatu wa tonton Isidore, ndugu yake baba, waliokuja kutoka uwanda wa Ruzizi kwa wiki mbili na sasa wanatimiza mwaka. Siku walipofika na mafurushi yao ya nguo, baba aliwaambia mbele ya watu wote: "Hakuna shida. Noëlla atapanga."

Nilipanga.

Jumanne moja simu ililia nikiwa kwenye kituo cha afya, ambako napima watoto uzito bila mshahara, nikingoja nafasi ambayo haifunguki. Nilitoka nje na kusimama karibu na tangi la maji.

"Mademoiselle Noëlla? Ni Modeste, wa mradi wa lishe kule Idjwi. Ile teste mulifanya mwezi wa tatu, ulipita."

Nilikaza bomba la tangi, lililokuwa likidondosha maji.

"Uko nasikia? Boti ya mradi inaondoka Jumatatu, saa moja na nusu ya asubuhi. Ni mwaka moja, na tunaweza ongeza. Ruhusa ya kurudi Bukavu ni Jumapili moja kwa mwezi. Kama Jumatatu hatukuoni pale bandarini, tunaita wa pili ku liste. Usinikasirikie."

"Merci," nilisema.

"Basi unakuya?"

"Merci," nilisema tena.

Alicheka. "Hiyo merci iko ndiyo ao iko hapana?" Kabla sijajibu, mtandao ulikatika, nami nikabaki na simu sikioni nikiliangalia ziwa. Siku isiyo na ukungu, ukisimama pale juu mtaani Kadutu, kisiwa cha Idjwi unakiona kaskazini, cheusi na kirefu, kama mtu aliyelala kwa ubavu. Siku ile hakikuonekana.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia baba vipi? Katika maisha yangu sijawahi kumtangazia baba kitu. Nyumbani kwetu anayetangaza ni yeye. Sisi wengine hujibu. Niliijaribu sentensi ile njia nzima nikishuka, nikaijaribu tena nikipepea babula, jiko letu la makaa, na kila mara ilinifia katikati, mahali pale pale: Papa, nimepata kazi, lakini. Baada ya "lakini" waliniangalia watu wanane wenye mashavu.

Ndipo nikafikiri: kama siwezi kusema, naweza kuandika. Si barua. Niliandika chakula.

Nilichukua karatasi kubwa, ile ya mabango ya kituo cha afya, nikaigeuza upande mweupe. Nikachora kolone za siku kumi na nne. Kila siku chakula cha kujenga mwili, chakula cha kutia nguvu, chakula cha kulinda. Jumatatu maharagwe, yalowekwe tangu Jumapili ili yale makaa kidogo. Jumanne sombe na unga wa sambaza, vijiko vinne, viwekwe mwisho. Alhamisi viazi vitamu na soya. Jumamosi lengalenga na karanga. Jumapili samaki. Niliandika vipimo kwa sahani, na mahali pa kununua, na saa ya kununua. Niliandika avoka, yaani parachichi, kila mtoto nusu, na kwamba anayepata nusu yenye mbegu ndiye mwenye zamu ya kuosha vyombo. Nilitaka karatasi ile ipike badala yangu. Nilitaka mtu yeyote aliyeenda shule aisome na nyumba iendelee, na siku ya Jumatatu baba aangalie ukuta, aone kwamba hakuna kinachopungua.

Nilipomaliza, niligeuka nikahesabu sahani kwenye kichanja ili nihakikishe vipimo. Nane. Nikaandika juu kwa herufi kubwa: WATU 8.

Alhamisi nilimchukua Fabiola sokoni Kadutu.

"Juu ya nini unanipeleka?" aliuliza. "Mi niko na interro ya kemia, sijasoma."

"Utajifunza kununua."

"Kununua ni kutoa franga. Najua."

Nilimpa kikapu. Tulipita kwa wauza unga hadi kwa Maman Akonkwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, anayeuza sambaza na maharagwe, na ambaye ni wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya parokia inayosali nyumba hadi nyumba. Pale vitu hupimwa kwa gigozi, kopo la maziwa ya watoto. Kabla hajachota, nilinyoosha mkono, nikaingiza vidole ndani ya kopo na kupapasa kitako chake. Wauzaji wengine hukigonga kikaingia ndani, na wewe unalipia kopo zima huku ukibeba robo tatu.

"Angalia dada yako," Maman Akonkwa alimwambia Fabiola. "Miaka tatu ananunua kwangu, sijasikia sauti yake. Vidole ndiyo vinasema."

"Kopo yako iko na tumbo ao haina?" Fabiola aliuliza kwa sauti, wauzaji wa pembeni wakageuka.

"Ee, huyu sasa iko na mudomo! Mi tumbo niko nayo mwenyewe, kopo yangu haina." Alichota, akatuongezea konzi moja. "Munafanya na gigozi moja tu ya sambaza wiki nzima? Nyumba ile yote?"

"Anazisaga," Fabiola alisema. "Anatudanganya na unga."

"Si kudanganya," nilisema.

"Yesu! Amesema!" Maman Akonkwa alipiga makofi.

Tukirudi, kwenye ngazi za mawe zinazopanda kwetu, Fabiola alisimama na kikapu kichwani. Alikishusha kwenye ngazi moja.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Noëlla."

Nilipanda mbele. Alinifuata, na siku ile hakuzungumza tena habari za kemia.

Ijumaa baba aliiona karatasi. Nilikuwa nimeibandika jikoni, nyuma ya mlango, mahali ambapo yeye hafiki. Lakini alikuja kutafuta kiberiti. Alipousukuma mlango, akaiona. Alinyanyua miwani, akaisoma yote kuanzia juu, kidole kikitembea chini ya mstari kama alivyosoma daftari za wanafunzi.

"Nani alikufundisha kupanga kolone hivi?"

"Ni wewe, papa."

Hakutabasamu, lakini kifua chake kilipanda. Aliing'oa polepole asiichane kona, akaipeleka sebuleni, akaibandika kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na kalenda ya parokia. Aliita wote. Josué alisomeshwa kwa sauti. Guy, aliyekuwa amekuja kubadilisha shati, alisema: "Ata mikate ya Jumatano iko na hesabu? Humu ndani tuko mu gereza ya vitamini," na tante akamwambia, "Nyamaza, wewe unakula barabarani halafu unakuya kukula tena."

Chini kabisa ya karatasi nilikuwa nimeandika jumla ya siku moja: elfu sita na mia nane. Niliona kidole cha baba kikisimama pale. Kisha alikunja miwani, akaitia mfukoni.

Jumamosi asubuhi, chini ya glasi, kulikuwa na elfu saba.

Niliihesabu ile pesa mara mbili. Sikukasirika. Nilihisi kama mtu aliyechimba chini ya ukuta ili atoke, na udongo wake ukachukuliwa kujengea ukuta.

Siku ile ile, saa tisa ya mchana, shirika lilisali kwetu. Baba aliomba liletwe kwetu ingawa zamu haikuwa yetu. Watu kumi na sita walikaa kwenye mabenchi ya jirani, magoti yakigusana, na mimi nilisimama karibu na mlango wa jiko kama kawaida. Injili ya siku ile ilizungumzia jambo jingine kabisa, lakini baba, akiwa mwenye nyumba, aliizungusha taratibu hadi ikafika kwenye mikate mitano na samaki wawili. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ukutani.

"Bamaman," alisema, "muko nalia kila siku kama ration haitoshe. Angalieni. Elfu sita na mia nane. Na batoto bangu muko naona vile biko. Huyu ni Noëlla amefanya. Basi nimeamua: kila Jumamosi, saa hii, atafundisha bamaman ba shirika, hapa, bule. Mwaka muzima."

Walipiga makofi. Mmoja alianzisha wimbo. Tante Adélaïde alipangusa macho. Nami nikatabasamu, kwa sababu watu kumi na sita walikuwa wamenigeukia kwa furaha, na uso wangu haujui kufanya kitu kingine. Mwaka mzima. Ndani ya tabasamu lile nilihesabu: Jumamosi hamsini na mbili.

Wimbo ulipokwisha, Maman Akonkwa alikuwa bado amesimama mbele ya karatasi. Kidole chake kilikuwa juu kabisa.

"Maître," alimwambia baba, yaani mwalimu, "humu nyumbani muko bangapi?"

"Kenda."

"Karatasi inasema munane."

"Haiwezekane." Baba alisogea, akavaa miwani. Alianza kuhesabu kwa sauti, kwa vidole, kama darasani. "Mimi. Adélaïde. Guy. Fabiola. Josué. Batoto ba Isidore, tatu. Munane." Alibaki na kidole kimoja hewani. Kilizunguka sebule, kikapita vichwa vya watu, kikanipata mlangoni.

"Na huyu?" Maman Akonkwa aliuliza.

"Ah, Noëlla anakulaka mu nyungu," tante alisema. "Mupishi hafe na njaa."

Watu walicheka, kwa wema, kwa sababu ni kweli. Karibu kila nyumba kule kwetu, anayepika hula jikoni kilichobaki, akikomba sufuria kwa kipande cha bugali. Hata mama, isipokuwa Jumapili, alikula hivyo.

"Sawa," Maman Akonkwa alisema. "Lakini nyungu ya batu munane, imepimwa na kijiko, imeisha mu masahani munane. Huyu anakula nini ndani? Moshi?"

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi.

Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Kila Jumatano, pale kituoni, huwaambia akina mama: hesabuni kila mdomo, na musimsahau anayepika. Nimelisema mara mia. Na mimi nilikuwa nimehesabu sahani. Sahani zilikuwa nane, kwa kuwa sahani yangu haikuwahi kuwapo.

Baba alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja jibu, kama anavyomngoja mwanafunzi wake bora aliyekosea swali rahisi. Na pale nikaona kwamba mlango umefunguka. Sentensi ilikuwa tayari, fupi, na hata uongo haikuwa: Ni munane, papa, kwa sababu Jumatatu mi sitakuwa hapa. Fabiola alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi la mwisho, midomo yake ikitembea kidogo, kama anayemnong'oneza mtu jibu la mtihani.

"Nilikosea, papa," nilisema.

"Si kitu," alisema. "Tutakosoa."

Alikosoa usiku huo huo au alfajiri, sijui. Jumapili tuliporudi misa nilikuta kila namba nane imekuwa tisa, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, siku zote kumi na nne. Vipimo navyo vilikuwa vimeongezwa: vijiko vinne vimekuwa vinne na nusu. Chini aliandika jumla mpya, elfu saba na mia sita na hamsini. Alikuwa amefanya hesabu ya sehemu moja ya nane bila kosa.

Mchana, kabla hatujakaa, alimwambia tante afungue kabati. Mle kulikuwa na sahani ya mama, nyeupe, yenye ukingo wa buluu na pengo dogo kama jino la mtoto. Hakuna aliyeitumia tangu mazishi. Baba aliipangusa mwenyewe kwa leso yake, akaiweka mezani, kati ya Josué na Fabiola.

"Kaa," aliniambia.

"Papa, bado ninapakua..."

"Fabiola atapakua. Kaa."

Nilikaa. Fabiola alipakua bugali, mboga, samaki. Kichwa cha samaki kwetu ni cha baba, hakijawahi kwenda kwenye sahani nyingine. Baba alikichukua kwa vidole vyake, akakiweka kwenye sahani ya mama, mbele yangu.

"Sasa tuko kenda," alisema. "Kula, mwanangu."

Wote waliniangalia. Watoto wa tonton Isidore waliacha hata kutafuna. Nilikata tonge, nikachovya, nikala. Nami nikagundua kwamba nina njaa. Haikuwa njaa ya siku ile. Nilikula macho ya samaki, nikala mashavu yake, nikafyonza mifupa, na sikuweza kuinua kichwa. Kitendo cha baba kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyonitendea tangu mama afe. Ndiyo maana niliendelea kufyonza mfupa uliokuwa umeshakauka. Ningeweza kuukimbia ukali wake, kama angekuwa nao. Sahani ile ningeikimbiaje?

Nilipomaliza, nilifuta vidole. Sijui nani alisema; sauti ilikuwa yangu.

"Papa, karatasi haikukosea."

"Nilishakosoa."

"Haikukosea. Isikosolewe."

Aliinua macho. "Kivipi?"

"Ni munane kweli." Nilikuwa nikiongea na pengo la sahani. "Nimepata kazi. Idjwi. Boti ni kesho, saa moja na nusu."

Ilikuwa imetoka bila "lakini".

"Idjwi!" Guy alisema. "Kule ata njia ya pikipiki ni ya kutafuta. Unaenda kufanya nini, kupima batoto ba samaki?"

"Na siye?" tante aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyeona paa likiondolewa. "Na siye, Noëlla? Na bamaman ba shirika? Maître ameshatangaza!"

"Karatasi iko pale," Fabiola alisema. "Mi najua kusoma."

"Wewe? Wewe unaunguzaka maji!"

"Basi nitaunguza na hesabu."

Nilimwangalia baba. Alikuwa anautazama ukuta, kalenda na Moyo Mtakatifu, na katikati yake namba zake nyekundu. Aliguna kama anayetaka kusema, kisha akasukuma sahani yake, iliyokuwa haina kichwa cha samaki na bado ilikuwa nusu.

"Muendelee kula," alisema. "Chakula inapola."

Akachukua fimbo, akatoka. Tulisikia fimbo ikigonga ngazi za mawe kuteremka, gonga, gonga, muda mrefu, kwa maana ngazi zile ni nyingi.

Mchana ule sikufunga mizigo. Niliosha sahani tisa. Ile ya mama nilishindwa kuirudisha kabatini na nilishindwa kuiweka kwenye kichanja pamoja na zingine, nikaishika tu, hadi tante akaichukua mikononi mwangu. Niliweka vitenge viwili kwenye mfuko, nikavitoa. Niliweka cheti changu, nikakiacha. Jioni nililoweka maharagwe, kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Baba alirudi wakati wa sala, akasali, akaingia chumbani kwake. Ningependa kusema kwamba aliniangalia.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja na nusu. Baba alikuwa ameshatoka kwenda misa. Sebuleni mwanga ulikuwa bado wa kijivu, nami nikaenda kwanza kwenye glasi, kama ninavyofanya kila siku. Chini yake, elfu nane.

Kisha nikaangalia ukutani.

Alikuwa ameikosoa tena. Juu ya kila tisa nyekundu aliandika nane, kwa nguvu, hadi karatasi ikachubuka. Baba yangu, ambaye hakuwahi kufuta kitu ubaoni kwa mkono, alikuwa amechafua kazi nzima: mistari juu ya mistari, vijiko vinne na nusu vimekatwa vimekuwa vinne. Jumatatu nane. Jumanne nane. Nilifuata kwa kidole. Jumamosi nane. Jumapili tisa.

Nilifikiri amesahau. Nikaenda wiki ya pili. Jumatatu nane, Jumanne nane, hadi Jumamosi. Jumapili tisa. Hakuwa amesahau. Pale chini, kwenye kona, aliandika "Vu", na sahihi yake, kama alivyoweka kwenye daftari za wanafunzi ili wazazi wajue kwamba mwalimu ameona.

Jumapili zote mbili. Hakuniuliza ruhusa ni ngapi. Modeste alisema Jumapili moja kwa mwezi, na kwenye ukuta wetu, ndani ya wiki mbili tu, tayari kulikuwa na mbili. Baba alikuwa amenifungulia mlango na kubaki ameshika upindo wa kitenge changu. Nilisimama pale hadi nikasikia kengele ya mwisho wa misa. Kama ningengoja, angenikuta. Tungesalimiana. Angesema jambo jema, nami ningewasha babula.

Nilimwamsha Fabiola.

"Maharagwe iko mu maji tangu jana," nilimwambia. "Vitunguu viko chini ya meza. Kopo lolote, papasa ndani kwanza."

"Najua," alisema, macho bado yamefumba. "Nenda."

Nilitia vitenge viwili na cheti kwenye mfuko. Tante alijifanya amelala. Aligeukia ukuta nilipopita, na blanketi lilikuwa linatikisika. Nje kulikuwa na ukungu, mawe ya ngazi yameloa, na wanawake wenye mabeseni walikuwa wameanza kushuka sokoni. Nilishuka nao. Nilichagua njia ya kushoto, ambayo si ya kanisani.

Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji nilipomsikia Fabiola juu, mlangoni, akipiga kelele kwa sauti yake ile ya sokoni.

"Noëlla! Haukuandika chumvi! Chumvi ni ngapi?"

Wanawake waligeuka. Ni kweli, sikuandika. Chumvi nilitia kwa mkono, na mkono nilikuwa naondoka nao. Nilitafuta kipimo kichwani, cha vijiko, cha watu wanane, cha watu tisa, nikakikosa.

Sijawahi kupiga kelele njiani maishani mwangu.

"Onja!" nililia. "Onja wewe mwenyewe!"

Mwanamke mmoja alicheka. Nilishika mfuko vizuri, nikaendelea kushuka, haraka kidogo, nikizihesabu Jumapili.